Bando kubwa, faiba au seva ya ndani? Ulinganisho kwa shule za Mwanza zinazotaka mtandao wa kufundishia

Kidato cha Pili, kipindi cha Baiolojia, vishikwambi 40 mezani. Mwalimu anasema, "Haya, fungueni ile video ya moyo." Wote wanagusa kioo kwa mara moja. Duara linazunguka. Linaendelea kuzunguka. Dakika ya sita mwalimu anachukua chaki na kuanza kuchora moyo ubaoni, na wanafunzi wanafunika vishikwambi bila kuambiwa. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, shule moja ya upande wa Ilemela, nimeitwa nikaone kwa nini intaneti haina kasi. Uongozi ulikuwa umeshaandika barua ya kuomba bando kubwa zaidi. Niliwaomba waizuie kwanza.

Nawaandikia wakuu wa shule, wajumbe wa bodi na walimu wa TEHAMA walio kwenye hatua kama hiyo. Pesa ya mtandao haiji kila mwaka. Ikija, iwe ya wazazi, ya halmashauri au ya mfadhili, inakuja na haraka zake, na fundi wa kwanza kufika ndiye anayeamua shule inunue nini. Nalinganisha hapa njia ambazo nimeziona zikifanya kazi na zikishindwa, kuanzia Nyegezi hadi Nansio, ili fundi akifika akukute na maswali yako tayari.

Bando kubwa au seva ya ndani

Tupige hesabu ya kipindi kile. Video ya ubora wa kawaida inakula kama Mbps 1.5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi). Zidisha kwa vishikwambi 40, unahitaji Mbps 60 za uhakika kwa darasa moja tu, na wakati huohuo mhasibu yuko mtandaoni na mwalimu wa taaluma anasajili watahiniwa wa NECTA. Video ikiwa ya dakika 10, kila kishikwambi kimeshusha kama MB 112. Darasa zima ni GB 4.5. Kidato kikiwa na mikondo minne, zimekwenda GB 18 kwa somo moja, na video ni ileile, imepita kwenye laini ileile mara 160.

Seva ya ndani, yaani kompyuta iliyo palepale shuleni inayohifadhi masomo, inaishusha mara moja, usiku, na kuigawa kwa kila darasa kupitia waya na Wi-Fi za shule. MB 112, basi. Intaneti ikikatika mchana somo linaendelea.

Programu za kazi hii zipo na hazilipiwi. Kolibri imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti ya kutegemewa. Mwalimu anapanga masomo, anatoa mazoezi na kuona nani amekwama swali la ngapi. Kiwix inakuwekea Wikipedia nzima ndani ya shule, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na mwanafunzi anatafuta humo kama angekuwa hewani. Ongeza notsi za walimu wako, mitihani iliyopita na video mlizorekodi wenyewe.

Kuhusu chombo chenyewe, watu wengi huanza na Raspberry Pi. Inakula wati zisizofika 10, inatosha kiganjani, na kwa shule ndogo ni chaguo zuri kwa masharti mawili. La kwanza, usitegemee Wi-Fi iliyo ndani yake kuhudumia darasa. Ichomeke kwa waya kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao. La pili, data zako zikae kwenye diski ya SSD. Ile kadi ndogo ya kumbukumbu umeme ukikatika katikati ya kuandika huharibika, na kwetu umeme hukatika. Shule yenye mikondo mingi ni afadhali itafute kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, yenye RAM ya GB 8 na SSD. Itakula umeme zaidi, lakini haitapumulia mdomoni madarasa matatu yakiiita kwa pamoja.

Kuna kazi ambazo seva ya ndani haiwezi: kipindi cha moja kwa moja na mwalimu wa shule nyingine, barua pepe, usajili wa mitihani, vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa hiyo intaneti bado unaihitaji. Ila ukishakuwa na seva, unayohitaji ni ndogo na tulivu, na hesabu ya mwezi inabadilika kabisa. Ndiyo maana nasema anza ndani ya geti kabla hujaongeza kinachotoka nje.

Intaneti inaingiaje: faiba, laini ya simu au setilaiti

Kwa shule iliyo Nyamagana au Ilemela, kando ya barabara kubwa, uliza faiba kwanza, ule waya wa nyuzi za kioo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao TTCL inauendesha, umefika Mwanza siku nyingi, na kampuni nyingine nazo zimevuta nyaya mjini. Faiba haijali wingu wala mvua, na kwa kawaida kasi yake haiyumbi sana kwa kufuata umati. Kabla ya kusaini uliza mawili: kasi hiyo ni yenu peke yenu au mnagawana na mtaa, na je, kuna kiwango cha matumizi ambacho mkikivuka kasi inapunguzwa. Shule nyingi huligundua hilo la pili tarehe 20 ya mwezi.

Tatizo la faiba kwetu ni mita 300 za mwisho. Mji huu umekaa juu ya mawe. Shule iliyo mlimani, nyuma ya majabali, inaweza kuuona mtaa wenye faiba kwa macho na bado gharama ya kuifikisha ikashinda bajeti nzima. Hapo usilazimishe.

Laini ya simu, yaani ruta ya 4G, ndiyo inayofika haraka. Unanunua leo, kesho mnatumia. Tofauti kubwa ni mahali pa kuiweka. Ruta ya mezani ofisini, nyuma ya nondo za dirisha na chini ya bati, hupata mabaki ya mawimbi. Ruta ya nje, inayofungwa kwenye mlingoti na kuelekezwa mnarani, hupata mawimbi yenyewe. Jabali moja la granaiti likikaa kati yako na mnara linakufunika, na kusogeza mlingoti hatua 20 kunaweza kubadilisha kila kitu. Kabla ya kuchagua kampuni, azima laini za kampuni zote mnazozipata hapo, upime saa mbili asubuhi, saa tano na saa kumi jioni kwa wiki nzima, uandike kwenye daftari. Kipimo cha Jumapili mchana hakikuambii Jumatatu itakuwaje. Shule iliyo karibu na mwalo ikumbuke kwamba mnara huohuo unahudumia mwalo, soko na kijiji kizima.

Setilaiti ni ya kule ambako hizo mbili zimegoma. Ile ya zamani, ya kimo cha kilomita 35,786, inachelewesha kila ombi zaidi ya nusu sekunde. Kwa kusoma maandishi utavumilia, kwa maongezi ya moja kwa moja utachoka. Zile za karibu, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, hazina ucheleweshaji huo. Lakini uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama mtoa huduma ana leseni ya hapa nchini kabla hujatoa hata shilingi. Kenya huduma ya Starlink, mojawapo ya hizo za karibu, ilifunguliwa 2023, na tangu hapo nimesikia watu wakizungumzia kununua dishi Kisumu na kulivusha Sirari. Leseni ya jirani haikulindi wewe, na mkuu wa shule ndiye atakayeitwa kujieleza.

Kutoka jengo hadi jengo: hapa msikosee

Nikipewa nafasi ya kuonya jambo moja tu, ningeonya hili.

Asubuhi moja ya Machi niliitwa shule ya upande wa Magu. Usiku ulikuwa wa radi, zile za ziwani zinazoanza saa nane za usiku na kuacha watu macho. Waya wa shaba ulikuwa umevutwa kutoka jengo la utawala hadi maabara ya kompyuta, mita kama 70, umepita juu ya mwembe. Swichi za pande zote mbili zilikuwa zimekufa. Niliyoifungua maabara, tundu la nane lilikuwa jeusi, na plastiki yake imeyeyuka na kushuka kama nta ya mshumaa. Kompyuta tatu zilizokuwa zimechomekwa hapo hazikuwaka tena. Mwalimu wa TEHAMA alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, haingii. Maabara ile waliichangishia kwa miaka miwili.

Radi haikuhitaji kupiga jengo. Ikipiga jirani, waya mrefu wa shaba ulioning'inia nje unaokota ule msukumo na kuuleta ndani. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana Afrika, kwa hiyo hili si jambo la bahati mbaya, ni la kupangia.

Faiba ni kioo. Haipitishi umeme. Jengo moja likipigwa, lingine linabaki. Tena waya wa shaba una mwisho wake wa mita 100, ilhali faiba inavuka uwanja wa mpira na bweni la mbali bila kupoteza kitu. Kwa bei, faiba yenyewe siku hizi si ghali kama watu wanavyodhani. Kinachopandisha gharama ni kuchimba mtaro na kuunganisha vichwa. Vuta yenye nyuzi nne hata kama unahitaji mbili, na ipite ndani ya bomba, nusu mita au zaidi chini ya ardhi, mbali na shamba la shule, maana jembe la mwanafunzi halibagui. Ukiwa visiwani, ambako mtu wa kuunganisha faiba hayupo, agiza iliyofungwa vichwa kiwandani kwa urefu wako. Pima mara mbili, kisha ongeza mita 10.

Na kama chini ni jabali tupu? Una njia mbili. Faiba ya kuning'inia, ile isiyo na chuma ndani, inafungwa kwenye nguzo. Au antena mbili zinazotazamana, moja kila jengo. Antena ni nafuu na unazifunga kwa siku moja, lakini zinahitaji kuonana. Mwembe ulio mfupi mwaka huu utakuwa ukuta mwaka wa tatu. Kwa kuvuka maji, tuseme kutoka ufukweni hadi kisiwa cha jirani, kuna ugumu mwingine ambao mafundi wa mjini huusahau: uso wa ziwa unaakisi mawimbi kama kioo, na yale yaliyoakisiwa yanagongana na yale ya moja kwa moja. Antena inapima vizuri asubuhi na kuyumba mchana. Kuzipandisha juu husaidia, ila msifunge antena za masafa marefu bila kuuliza TCRA kuhusu vibali.

Chaguo langu: faiba kati ya majengo palipo na udongo, antena palipo na mawe, na shaba isitoke nje ya ukuta. Hizo antena nazo zifungiwe kinga ya radi na waya wa ardhini uliozikwa kweli, maana waya wake hushuka hadi kwenye swichi yako.

Ndani ya darasa: waya gani, Wi-Fi gani

Waya wa Cat5e na wa Cat6, aina mbili za waya wa shaba wa mtandao, zote zinapitisha Gbps 1 hadi mita 100. Kwa shule tofauti hiyo isikunyime usingizi; kama bei zinakaribiana chukua Cat6. Kinachopaswa kukunyima usingizi ni waya bandia. Madukani kuna maboksi ya waya wa alumini uliopakwa shaba, yanauzwa bei ya chini na jina ni lilelile. Chukua kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ukiona weupe, rudisha. Waya huo hukatika ukiukunja mara chache, na unapopitisha umeme wa kuwasha kisambaza Wi-Fi mwishoni mwa mita 60, umeme unafika umechoka na chombo kinajizima na kujiwasha siku nzima.

Upande wa Wi-Fi, ulinganisho ni kati ya ruta za nyumbani, ambazo zinavutia kwa bei, na visambazaji vilivyotengenezwa kwa umati. Ruta ya nyumbani imeundwa kwa ajili ya familia. Ikipewa vishikwambi 40 inawasikiliza wachache na wengine wanangoja. Darasa la Ilemela nililoanza nalo lilitegemea ruta ya namna hiyo iliyoning'inizwa kwenye korido, ikihudumia madarasa matatu kupitia kuta za matofali ya saruji. Tulipoweka kisambazaji kimoja ndani ya darasa, kwenye dari, na video ikatoka kwenye kompyuta iliyokuwa palepale shuleni, vishikwambi vyote 40 viliufungua ule moyo. Bando lilikuwa lilelile.

Masafa ya 2.4 GHz yanapenya ukuta lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Madarasa manne yakipangana, mawili yatagombana. Masafa ya 5 GHz yana chaneli nyingi na hayapendi kuta, na hiyo ni faida: kila darasa linabaki na lake. Kwa hiyo kisambazaji kimoja kila darasa linalotumia vifaa, 5 GHz kwanza. Wi-Fi 6, iliyoanza kuthibitishwa 2019, inapanga foleni ya vifaa vingi vizuri zaidi kuliko Wi-Fi 5, ila kifaa cha mwanafunzi nacho lazima kiwe cha kizazi hicho ili kufaidi. Angalia vishikwambi mlivyonavyo. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kugawiwa walimu, na kompyuta nyingi za msaada, huenda vikatosheka na Wi-Fi 5 nzuri. Tofauti ya bei ipeleke kwenye betri.

Na nunua spika za masikio. Mvua ya Machi ikipiga bati, hakuna video inayosikika.

Umeme

Swichi inayopeleka umeme kwenye waya, visambazaji sita, ruta na seva ndogo, vyote pamoja havifiki wati 100. Betri moja ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo unaiua. Ukiondoa kinachopotea kwenye kigeuzi (inverter), unabaki na kama saa tano. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa karibu mara mbili na inahimili kujazwa na kutumika mara maelfu, pale ambapo ya asidi huhesabu mamia. Bei yake ya kununua inauma. Kwa shule ya TANESCO ambako umeme hukatika saa moja au mbili, asidi inatosha. Kwa shule ya sola inayotumia betri kila siku, chukua lithiamu, hata kama itabidi uanze na visambazaji viwili pungufu.

Ukichagua mashine za wanafunzi, kumbuka hilohilo: kompyuta 20 za mezani zinaweza kuvuta wati 2,000, kompyuta mpakato 20 zinavuta chini ya nusu yake, na vishikwambi vinachajiwa usiku. Za mezani hutengenezeka kirahisi na hazipotei, na kwa kujifunza kuandika programu sioni mbadala wake.

Kabati la swichi lifungwe vizuri, matundu yake yawekwe wavu mwembamba. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, hufuata taa usiku. Nimewahi kukung'uta feni ya swichi ya shule ya ufukweni na kupata kiganja kizima cha wadudu wakavu.

Ningechaguaje

Shule ya mjini yenye faiba jirani: faiba ya kasi ya wastani, laini ya simu ya akiba, seva ya kompyuta iliyotumika, na fedha iliyobaki yote kwenye visambazaji vya madarasani. Mtandao wa ofisi utengwe na wa wanafunzi kwenye swichi. Alama na taarifa za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wakati wa usajili wa NECTA ofisi ipewe kipaumbele.

Shule ya ufukweni, Misungwi au Sengerema, yenye 4G: ruta ya nje mlingotini, seva inayoshusha usiku, faiba fupi kati ya majengo mawili yanayotumika zaidi. Bweni lisubiri.

Shule ya Ukerewe au kisiwa kidogo zaidi: sola na lithiamu kwanza, seva ya Raspberry Pi, visambazaji viwili, na intaneti ya kiasi tu. Vifaa viwe viwili viwili pale bei inaporuhusu, swichi moja ya akiba ikae kwenye boksi lake stoo, kwa sababu fundi akitoka Mwanza lazima apande meli, na siku hiyo imekwisha.

Popote ulipo, siku fundi anakabidhi kazi, mwambie akae na mwalimu wa TEHAMA na mwalimu mwingine mmoja. Aandike nenosiri la kila chombo kwa mkono kwenye daftari la shule, achore waya upi unaingia tundu lipi, abandike namba kwenye kila waya, kisha wazime umeme wote na hao walimu wawili wauwashe mtandao wenyewe, yeye akiwa amekaa pembeni hagusi kitu. Malipo ya mwisho yatoke video ikicheza darasani.